Maswali ya Wasomaji: Dada Wanne wa Kamakura

Barua za kutoka Mtwara na Lindi safari hii zimekutana kwenye filamu moja: Umimachi Diary ya mwaka 2015, inayojulikana nje ya Japani kwa jina la Our Little Sister. Mwongozaji wake ni Hirokazu Kore-eda, na hadithi imetoka kwenye manga, yaani vibonzo vya Kijapani, ya Akimi Yoshida. Ni habari ya dada watatu, Sachi, Yoshino na Chika, wanaoishi katika nyumba ya zamani mjini Kamakura, mji wa pwani ulio kilomita zipatazo 50 kutoka Tokyo, wanaomchukua Suzu, mdogo wao wa baba mmoja, baada ya baba kufariki.

SWALI: Nimesoma vitabu vyote 9 vya manga, ndipo nikaiona filamu. Nusu ya watu hawamo, timu ya mpira imebaki pambo tu, na mwisho hakuna jambo lililofungwa. Je, nakala yangu imekatwa?
*Msomaji, Mikindani*

JIBU: Nakala yako ni nzima. Tuanze na tarehe, maana zinaeleza mengi. Manga ilianza kuchapwa mwaka 2006 katika jarida la Monthly Flowers la Shogakukan, ikamalizika mwaka 2018. Filamu ilitoka Juni 13, 2015. Yaani Kore-eda alipokuwa akiandika skripti, Yoshida mwenyewe alikuwa bado yumo njiani. Mwisho wa kuuchukua haukuwapo.

Alichofanya ni kutafuta nguzo za kusimamishia nyumba, akachagua mikusanyiko mitatu: mazishi ya baba kule Yamagata, kumbukumbu ya bibi hapo Kamakura, na mazishi ya Bi Ninomiya mwenye mgahawa. Filamu inafikia mwisho dada wanne wakitembea ufukweni na nguo zao nyeusi za msiba. Kwa nini misiba? Kwa sababu msiba humleta hata aliyesusa. Mama yao, aliyewaacha akahamia Hokkaido, siku ya kawaida hana sababu ya kukanyaga ile nyumba. Kwenye kumbukumbu ya mama yake mzazi hawezi kukosa. Mwandishi hana haja ya kubuni kisingizio cha kuwakutanisha, na ugomvi wa kuuza nyumba unazuka wenyewe, kama unavyozuka kwenye matanga ya kwetu kabla hata vyombo havijaoshwa.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa ni mawazo ya moyoni. Katika manga, Yoshida huandika pembeni ya picha kile mtu anachokiwaza, na sura nzima yaweza kuonekana kwa macho ya mhusika mwingine kabisa. Filamu haina msimulizi wala hairudi nyuma. Baba hatumwoni hata mara moja, ingawa kila kitu kinamhusu. Yaliyokuwa maneno yamehamishiwa mikononi. Chukua pombe ya ume, matunda ya Kijapani ya jamii ya plamu. Sachi, dada mkubwa, amegombana na mama yake. Wakati wa kuagana anakimbia nyumbani na kumletea chupa mbili: moja ya mwaka ule, nyingine ni masalia ya ile ya mwisho aliyoitengeneza bibi. Hakuna anayesema "nisamehe" wala "nimekusamehe". Ukiwa umeenda kuchota maji wakati sini hiyo, yaani tukio hilo la filamu, inapita, utarudi ukidhani hakuna kilichotokea.

Hasara ipo, nayo ni ya kweli. Yuya, mwenzake Suzu kwenye timu ya Octopus anayepoteza mguu kwa maradhi, ni mmoja wa watu wanaogusa sana katika vitabu vya mwanzo, na mkasa wake haukuingia kwenye filamu. Kijana aliyekuwa mpenzi wa Yoshino naye anapita kama kivuli, wakati kwenye manga ana historia ndefu inayoanzia Lovers' Kiss, kazi ya Yoshida ya miaka ya 1990 iliyotokea Kamakura hiyohiyo. Kwa hiyo anayeanza leo aangalie filamu kwanza, kisha asome vitabu. Akianza na vitabu atatumia saa 2 nzima kuhesabu wasiokuwapo.

SWALI: Wanafunzi wa klabu yetu wanachanganya wake za baba, na hawaelewi kwa nini yule bibi mkali anapinga Suzu kuchukuliwa. Niwaelezeje?
*Mwalimu, Lindi mjini*

JIBU: Mwalimu, chora ubaoni wanawake watatu kwa mstari. Wa kwanza Miyako, mama wa Sachi, Yoshino na Chika. Wa pili mama yake Suzu, ambaye baba aliiacha nyumba kwa ajili yake. Filamu inapoanza alishafariki. Wa tatu Yoko wa Yamagata, aliyekuja kwenye ndoa na mtoto wake mwenyewe. Baba anapokufa, Suzu anabaki na mama wa kambo asiye na damu naye. Miyako naye aliondoka baadaye akawaacha mabinti kwa mama yake, ndiyo maana Sachi amekuwa mama kabla ya wakati.

Yule bibi mkali ni ndugu wa bibi aliyewalea, na hoja yake ni nyepesi kueleweka: huyu ni binti wa mwanamke aliyevunja nyumba yenu, na kulea mtoto si mchezo.

Hapa wanafunzi wako wana faida ambayo mtazamaji wa mbali hana. Kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, ambao kwa desturi ukoo ulihesabiwa kwa mama, swali litakuja haraka: wajomba wa Suzu wako wapi? Waache waulize. Kisha waonyeshe kwamba nyumba yenyewe ni ya upande wa mama, ya wazazi wa Miyako. Suzu hana tone la damu ya waliojenga ile nyumba. Ukilishika hilo, sini ya kumpima urefu kwenye nguzo ambako alama za dada zake zilichorwa tangu utotoni inabeba uzito wake wote. Isimamishe filamu hapo dakika moja, wanafunzi waitazame ile nguzo vizuri.

SWALI: Nina kibanda cha video. Maandishi ya tafsiri yanaanza sawa, lakini kufika katikati mtu ameshamaliza kuongea ndipo maneno yanatokea. Nikiyasogeza yanakuwa sawa, baada ya robo saa yameharibika tena.
*Mwenye kibanda, Masasi*

JIBU: Kaka, una tatizo la mwendo, si la mwanzo. Yapo makosa ya aina mbili na dawa zake ni tofauti.

Maandishi yakichelewa au kuwahi kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mfano sekunde 3, basi faili lilitengenezwa kwa nakala yenye utangulizi mfupi au mrefu kuliko yako. Kwenye programu ya video ya VLC ya kompyuta bonyeza G ili yawahi au H ili yachelewe. Kila mbonyezo husogeza milisekunde 50, kwa hiyo sekunde 3 ni mibonyezo 60.

Yakizidi kuchelewa kadiri filamu inavyokwenda, nakala yako ina picha 25 kwa sekunde na maandishi yalipimwa kwa picha 23.976. Tofauti ni kama asilimia 4: saa 1 ikipita umeshaachwa dakika 2 na nusu, na mwisho wa filamu hii zinazidi 5. Kusogeza hakusaidii. Fungua faili la maandishi kwenye programu ya kuhariri kama Subtitle Edit, chagua kubadili kasi ya picha kutoka 23.976 kwenda 25, hifadhi kwa UTF-8. Kisha jaribu sehemu tatu: dakika ya 5, katikati, na dakika ya 10 kabla ya mwisho. Zote tatu zikiwa sawa, kazi imekwisha.

Unapotumia flashi kwenye runinga, faili la filamu na la maandishi yawe na jina moja herufi kwa herufi, yakitofautiana mwisho tu. Filamu ikizidi GB 4 haitaingia kwenye flashi yenye mfumo wa faili wa FAT32. Ifomati flashi upya kwa mfumo wa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo.

Sauti nayo. Filamu hii ina ukimya mwingi, na muziki wa Yoko Kanno ni wa taratibu. Feni ya bati na jenereta lililo nyuma ya ukuta vitaimeza. Sogeza jenereta mita 20 au zaidi upande upepo unakoelekea, na spika mbili ziwekwe usawa wa masikio ya waliokaa, zisiwe juu ya paa. Besi punguza, mazungumzo hayakai kwenye besi.

Na kabla hujauza tiketi: kuonyesha filamu kwa umma kunahitaji ruhusa ya mwenye haki pamoja na kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976.

SWALI: Tunaandika tafsiri ya Kiswahili ya mazungumzo ili wazee wetu wafuatilie. Tumekwama kwenye namna wanavyoitana na salamu za nyumbani.
*Vijana watatu, Shangani, Mtwara*

JIBU: Kiswahili kina bahati hapa kuliko lugha nyingi, kwa kuwa neno "dada" linafanya karibu kazi yote ya neno lao la kumwita dada mkubwa. Lishikeni. Suzu aseme "Dada Sachi" pale anapotumia cheo, na jina peke yake pasipokuwa na cheo. Msimwite Suzu "dada wa kambo" wala msiandike hivyo popote. Ni mdogo wao, wa baba mmoja.

Mtego ni shikamoo. Mnaweza kufikiri kwamba Suzu aanze kwa shikamoo halafu aiache anapozoea, kuonyesha ukaribu. Kwa Kijapani ndivyo ilivyo: anaanza na lugha ya adabu, kisha inalegea. Kwetu mdogo haachi kumwamkia mkubwa wake kwa sababu wamezoeana. Akiiacha, wazee watasema mtoto ameharibika. Wekeni ulegevu mahali pengine. Mwanzoni aseme "samahani, naomba maji". Miezi ikipita aseme "nipe maji".

Mtu akiingia nyumbani kwake Kijapani husema tadaima. Watafsiri wengi wataandika "Hodi!" kwa kuwa ndilo linalosemwa mlangoni. Hodi ni ya mgeni. Andikeni "Nimerudi", na anayejibu aseme "Haya, pole na mizunguko" au "Umerudi?" Katika filamu ambayo jambo lake lote ni mtoto mgeni kugeuka mwenyeji, hodi moja mahali pabaya inaharibu saa nzima. Neno la kupongezana baada ya kazi, otsukaresama, ni "pole na kazi" moja kwa moja, hakuna cha kuhangaikia. Itadakimasu, kabla ya kula, iwe "Haya, tuleni". Bismillahi inakuja mdomoni haraka, lakini itawapa dini wasiyokuwa nayo.

Vipimo: mistari miwili tu kwa wakati, kila mmoja usizidi herufi 42, maandishi yakae kati ya sekunde 1 na 6, hesabuni herufi 15 kwa kila sekunde. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo mtalazimika kukata. Kateni majina kwanza, kwa sababu sura ya anayeitwa tunaiona. Msikate kitenzi. Na msikatize mstari kati ya "wa" na jina linalofuata. Msomaji mzee hujikwaa hapo.

SWALI: Wanakula kila mara! Wale samaki wadogo weupe ni dagaa wetu? Na ile mitungi ya matunda mabichi, naweza kutengeneza kwa mabibo?
*Mama lishe, Kilwa Masoko*

JIBU: Dada, umeuliza kuhusu kiini cha filamu. Kila chakula pale kina mwenyewe. Kari ya samaki na viumbe wa baharini ni ya mama. Kari ya Chika, yenye vipande vya samaki wa kusaga, ni ya bibi. Samaki wadogo juu ya mkate ni wa baba, na Suzu anaificha siri hiyo kwa muda mrefu kabla ya kukiri kwamba baba ndiye aliyekuwa akimwandalia.

Wanaitwa shirasu: vifaranga vya dagaa na jamii yake, urefu wa sentimita 2 hadi 3, wachanga kuliko dagaa mchele. Huko mkoa wa Kanagawa hawaruhusiwi kuvuliwa kuanzia Januari 1 hadi Machi 10, ili wapate kukua. Kwetu tumia dagaa mchele wabichi, wadogo uwezavyo. Chemsha maji lita 1 na chumvi gramu 30, yaani vijiko 2 vya chakula vilivyosawazishwa. Mimina dagaa, dakika 1 hadi 2, wakishabadilika kuwa weupe chuja na utandaze wapoe. Paka siagi kipande cha mkate, weka konzi moja ya dagaa, oka au choma kwenye kikaango chenye mfuniko mpaka kingo ziwe kahawia.

Wa kukaushwa hawatoi ladha ile, na waliokaushwa chini wana mchanga ambao kuosha hakuumalizi. Jihadhari na jambo moja: dagaa waliokaa juani tangu asubuhi hutengeneza sumu iitwayo histamini, inayowasha midomo na kuleta vipele, na moto hauiondoi. Nunua chombo kinapofika, au acha.

Samaki wa kukaanga wa Bi Ninomiya ni aji, jamii moja na kolekole ila mdogo. Kibua anafaa kwa kimo. Mpasue mgongoni afunguke kama kitabu, toa mfupa, nyunyiza chumvi, subiri dakika 10, kisha mfute akauke kabisa. Unga, yai, chenga za mkate, kwa mpangilio huo. Mafuta yawe nyuzi 170 hadi 180: dondosha chenga moja, ikizama nusu na kupanda, yako tayari. Chenga zikibanduka ujue samaki alikuwa na maji au uliruka unga.

Sasa mitungi. Kipimo cha kawaida cha umeshu, ile pombe ya ume, ni ume mbichi kilo 1, sukari ya mawe nusu kilo hadi kilo 1, na pombe kali ya asilimia 35 lita 1.8. Kikonyo hutolewa kwa kijiti, tunda hukaushwa, hutobolewa, hupangwa kwa tabaka na sukari. Inanyweka baada ya miezi 3 hivi, inakolea baada ya mwaka. Sukari ya mawe hutumika kwa kuwa huyeyuka polepole na kulivuta tunda taratibu; ya unga hulikunja tunda likabaki na maji yake ndani. Ume huvunwa Juni, wakati wa mvua zao, na jina la mvua hizo huandikwa kwa alama ya ume na ya mvua.

Bibo halifai. Ume ni gumu na chachu, linakaa mwaka bila kumomonyoka. Bibo ni laini, linavujika siku ileile, linapunguza nguvu ya pombe na ukakasi wake unabaki. Kwa ladha iliyo karibu, bila pombe, chukua embe bichi gumu lililokatwa vipande kilo 1 na sukari kilo 1, weka kwenye chupa iliyochemshwa, tikisa asubuhi na jioni kwa siku 7 hadi 10. Kwa joto la Kilwa weka kwenye friji. Ukiona mapovu limeanza kuchachuka: toa vipande, chemsha sharubati kwa moto mdogo dakika 15, engua povu. Kunywa sehemu 1 kwa maji sehemu 4.

SWALI: Binti yangu ana miaka 12. Aiangalie? Na manga inasomwa kutoka wapi?
*Mzazi, Nachingwea*

JIBU: Hakuna vita wala uchi. Lakini inaanza Yoshino akiwa chumbani kwa mpenzi wake, Sachi ana uhusiano na daktari mwenye mke, na Suzu analewa ile pombe ya ume na kuyatoa ya moyoni. Keti naye. Manga husomwa kutoka kulia: anza na picha ya juu kulia, nenda kushoto, shuka, na kitabu kinafunguliwa upande ambao kwetu ni wa nyuma.

SWALI: Tuna hadithi yetu ya vibonzo, kurasa 160, kuhusu familia ya wakulima wa korosho. Tunataka filamu ya dakika 20. Tuanzie wapi?
*Kikundi cha vijana, Newala*

JIBU: Anzeni kwa kukata. Ukurasa 1 wa skripti ni kama dakika 1, kwa hiyo mna kurasa 20 na sini 8 hadi 12, basi. Andikeni kila tukio la vibonzo kwenye kipande chake cha karatasi, sentensi moja tu. Vitandazeni sakafuni. Ondoeni kila tukio ambalo likitoka halilizuii linalofuata. Mtabaki na karatasi kama 25. Sasa tafuteni mikusanyiko miwili inayowaleta watu wote pamoja bila kulazimishwa, kama siku ya mnada au arobaini, na yaliyobaki yapangwe kuizunguka.

Kila kiputo cha mawazo kiulizeni: mtu huyu ameshika nini wakati anawaza? Mama anayebangua korosho na kuvunja tatu mfululizo hahitaji kusema ana hasira. Mkikosa kitu cha mkononi, sini hiyo bado haijawa tayari.

Majira ya mwaka ni lazima kwenye hadithi ya korosho. Kore-eda alipiga picha kwa karibu mwaka mzima ili maua ya cheri, matunda ya ume na fataki za kiangazi viwe vya kweli. Nyinyi mna maua ya mikorosho kati ya Juni na Septemba, na mabibo kuanzia Oktoba. Pangeni siku 2 Agosti na siku 3 Novemba. Hatari ni mwendelezo: mwigizaji mtoto atanyoa nywele au kurefuka kati ya safari hizo. Mpigeni picha mbele, nyuma na pande zote siku ya kwanza, nguo zake zifungiwe kwenye mfuko wenye namba ya sini, na asipewe mpaka siku ya kazi. Novemba mvua inaweza kuwahi. Sini za nje zipigwe siku ya 1, za ndani zibaki akiba.

Kwa watoto, jaribuni njia aliyoitumia Kore-eda kwa Suzu Hirose, mwigizaji wa Suzu: hakumpa skripti, alimwambia maneno palepale kabla ya kupiga. Mtoto anasikiliza kweli badala ya kungoja zamu yake. Inafanya kazi kwa sharti moja, kwamba mtu mzima anayemkabili ajue maneno ya wote wawili na aweze kumrudisha akitoka nje. Pigeni bila kusema "kata" haraka. Hesabuni hadi kumi kimoyomoyo baada ya neno la mwisho.

Upepo wa kusi unavuma juu ya uwanda wa Makonde hasa mchana. Mazungumzo ya nje yamalizeni kabla ya saa 4 asubuhi, maikrofoni ifungwe kwa kitambaa chenye manyoya, na kila mahali mlipopiga rekodini dakika 1 ya ukimya wa hapohapo. Hiyo ndiyo mtakayoizibia matundu ya sauti mkifika kwenye kuhariri. Ukimya wa Newala na wa chumbani havifanani.